Hamingbadi mwenye mkia wa raketi: unampigaje picha ukiwa na siku nne tu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Nina miaka minne napiga picha za ndege, hasa chozi wanaokuja kwenye maua hapa nyumbani. Mwezi wa nane naenda Quito, Ekuador, kikazi na nimepata siku nne za kwenda Mindo, kwenye msitu wa mawingu. Nataka picha ya yule hamingbadi mdogo mwenye soksi nyeupe miguuni na mkia wa raketi. Nina kamera ya sensa ndogo, lenzi ya 100-400 na flashi moja. Chozi wangu wakiruka mabawa yanakuwa ukungu tu, za wenzetu mabawa yameganda unahesabu mpaka manyoya. Nifanyeje, niongeze kifaa gani, na je nijitahidi nifike na Peru kwa yule mwenye manyoya manne tu mkiani?"

Marahaba dadangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana huyo ndege ndo aliyenirudisha Ekuador mara ya pili na ya tatu, mara ya kwanza nilirudi nyumbani na picha mia kadhaa za ndege mzuri sana asiye na mkia. Yaani mkia ulikuwepo ila kwenye picha hauonekani, ama umekatwa na ukingo wa fremu, ama umezama kwenye majani meusi nyuma, ama jicho limetulia safi kabisa na zile raketi zimekuwa mawingu mawili. Kwa hiyo kabla hatujagusa habari ya vifaa shika hili: hapa unapiga mkia. Ndege mwenyewe atakuja tu, ni mzoefu wa watu na anakunywa umbali wa mkono. Mkia ndo kazi, na karibu kila uamuzi utakaofanya kule, usimame wapi, nyuma yake kuwe na nini, lenzi uivute kiasi gani, utaufanya kwa ajili ya mkia.

Tumuangalie kwanza. Jina lake la kisayansi ni Ocreatus underwoodii, uzito wake ni kama gramu 3 hivi, pungufu ya kijiko kimoja cha chai cha sukari. Dume ni wa kijani kinachong'aa, miguuni ana vifundo vya manyoya meupe kama soksi za pamba (ukienda upande wa mashariki wa Andes wale wenzake soksi zao zina rangi ya kahawia ya mdalasini), na mkiani yale manyoya mawili ya pembeni yamerefuka, katikati unabaki ule mti wa unyoya mtupu mwembamba kama uzi, halafu mwishoni kuna vibamba viwili vya duara, weusi wenye bluu ndani yake. Jike hana raketi, soksi anazo. Na sio kila dume atakuwa nazo mbili, wengine wanabadilisha manyoya, wengine wamevunjika upande mmoja, wengine bado vijana. Kwa hiyo saa ya kwanza usipige picha kabisa, kaa uangalie ni dume gani ana mkia mzima na anapenda kutua wapi, maana wana vijiti vyao na wanarudi palepale.

Jambo jingine la kuliweka sawa, kwa sababu umesema unatoka kwenye chozi: hawa sio ndugu. Hamingbadi wote wako Amerika, kuanzia Alaska mpaka kusini kabisa Tierra del Fuego, kwetu hakuna hata mmoja, na wale wanaoandika "hamingbadi wa Tanzania" wamepiga chozi. Kwa mpiga picha tofauti kubwa ni kwamba chozi mara nyingi anatua kwenye ua ndo anywe, kwa hiyo umezoea kumsubiri kwenye kijiti. Hamingbadi anakunywa akiwa hewani. Analeta mwili, anausimamisha kama umening'inizwa na kamba, anaingiza mdomo, anavuta, halafu anarudi nyuma kinyumenyume kama sentimita kumi, anatulia hapo kidogo, anaingia tena. Huko kurudi nyuma ndo picha yako. Akiwa amezamisha mdomo kwenye ua mkia unaning'inia umefungana, akitoka anaufungua ili ageuze mwili na zile raketi zinaachana. Mimi fokasi yangu huwa naiweka hapo kwenye sentimita kumi nyuma ya ua, nafunga fokasi kwa mkono, nabandika na kipande cha tepu kwenye pete ya lenzi isije ikasogea, halafu namsubiri aingie humo. Fokasi ya otomatiki ya kamera za sasa inaweza kumfuata jicho, sikatai, ila kukiwa na maua na chupa mbele (zile za maji ya sukari wanazowatundikia wanywe) inarukia vitu vingine na kwa ndege wa gramu tatu hiyo nusu sekunde umeshamkosa.

Sasa lenzi. Najua kishawishi ni kuivuta mpaka 400, mdogo kama huyu mtu anataka ajae. Fanya hesabu na mimi. Kwa sensa yako ndogo, ukisimama mita 3 na lenzi ikiwa 400, upana wa fremu nzima pale alipo ndege ni kama sentimita 15. Dume na mkia wake ni kama sentimita 12. Akisogea kidogo tu mkia umekatika. Rudisha kwenye 300 kwa umbali uleule unapata kama sentimita 21, hapo ana nafasi ya kupumua na wewe una nafasi ya kukosea. Na faida nyingine ni kina cha fokasi: 400 kwa f/8 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikikua tundu linakuwa dogo) ni karibu milimita 18 tu zitakazokuwa kali, 300 kwa f/8 ni kama milimita 32, na 300 kwa f/11 ni kama 44. Sasa mkia unakaribia nusu ya urefu wote wa huyu ndege, kwa hiyo akikuelekea uso kwa uso jicho na raketi haviwezi kukaa pamoja hata ufanye nini. Akikaa ubavu, jicho na raketi viko kwenye bapa moja na hata milimita 30 zinakutosha. Ndo maana nakwambia uchague pa kusimama kwanza: angalia anaingilia upande gani wa chupa, kaa uwe ubavuni kwake. Wageni wengi wanakaa pale palipo na kiti.

Nyuma yake sasa. Huu ndo mtego ulionigharimu safari nzima ya kwanza. Raketi ni nyeusi-bluu, ule uzi wake ni mwembamba kupita kiasi, ukiweka nyuma msitu wenye kivuli vyote vinapotea, kwenye skrini ndogo ya kamera huoni tatizo, unakuja kuliona nyumbani. Tafuta nyuma ambayo ni ya kijani cheupecheupe, mbali, isiyo na matawi yaliyokatizana, mteremko wa mlima ng'ambo ya bonde unafaa sana, na ukungu ukipanda mchana unakuwa pazia zuri kuliko lolote. Sogea kushoto hatua mbili, kulia hatua mbili, chuchumaa, angalia kwenye kioo mpaka upate sehemu tupu yenye ukubwa wa mkia wake. Dakika kumi za kutafuta nyuma zinafaa kuliko saa nzima ya kubonyeza.

Haya, mabawa. Tuchukue anapiga bawa mara 60 kwa sekunde, wadogo wengi wanacheza humo na kuna wanaofika 80. Bawa la kama sentimita nne na nusu likizunguka namna hiyo ncha yake inakwenda kwenye mita 12 kwa sekunde. Shata ya 1/4000, yaani kamera inafunguka sehemu moja ya 4000 ya sekunde, inaonekana kali lakini ndani ya muda huo ncha imeshatembea milimita 3, na milimita tatu kwa kiumbe kama huyu ni ukungu. Ili igande kweli unahitaji kama 1/15,000, na wale waliokutamanisha hawakuipata kwenye shata, wameipata kwenye flashi. Flashi ya kawaida ukiiweka nguvu yote mwanga wake unakaa muda mrefu, ukiishusha mpaka 1/16 au 1/32 haipunguzi ukali wa mwanga, inafupisha muda, na huko chini unafika kwenye 1/10,000 mpaka 1/20,000 kutegemea flashi yenyewe. Kwa maneno mengine ile cheche ndo inakuwa shata yako, shata ya kamera unaiacha 1/200.

Shida inayofuata unaiona mwenyewe: nguvu ndogo, mwanga mdogo. Ndo maana wanatumia flashi tatu, nne, hata sita, zimewekwa karibu, kama sentimita 60 kutoka kwenye ua. Wewe ongeza mbili tu za bei ya chini, za kurekebisha kwa mkono, na rimoti ya kuzifyatua pamoja, usinunue lenzi nyingine. Moja juu kidogo karibu na kamera, moja upande wa pili, ya tatu iangalie nyuma. Na hiyo nyuma unakwenda nayo, kadibodi yenye picha iliyochapishwa ya majani yaliyofifia, isiyong'aa, unaisimamisha kama mita moja nyuma ya ua. Wapo wanaosema huo ni uongo. Mi nasema mwambie anayeangalia picha ulivyoipiga, basi, hakuna uongo hapo.

Jaribio la lazima kabla ndege hajaja: weka 1/200, f/11, ISO 400, zima flashi zote, piga. Picha itoke nyeusi. Ukiona chochote, ua linaonekana, chupa inaonekana, maana yake mwanga wa mchana unaingia na utapata bawa lililoganda lenye kivuli chake kama mzimu pembeni, kwa hiyo shusha ISO au hamia kivulini zaidi. Usiwashe ile hali ya flashi kwenda na shata ya kasi, inatawanya cheche kuwa nyingi mfululizo na ule ufupi wote tuliouhangaikia umeondoka. Usitumie na otomatiki ya flashi, weka mkono.

Na haya yote unaweza kuyajaribu Morogoro wiki hii. Chukua feni ya mezani, bandika kwenye panga lake kipande cha tepu uandike jina lako kwa kalamu, washa mpaka mwisho, piga kwa flashi yako moja ukianza nguvu yote, halafu nusu, robo, 1/8, 1/16, 1/32. Kuna mahali jina litaanza kusomeka. Ncha ya feni kubwa inakwenda kasi kuliko bawa la huyu ndege kwa hiyo jina likisomeka bawa litaganda, na utakuwa umeijua flashi yako kuliko maelezo ya kwenye boksi. Kwa upande wa mkia fanya mazoezi na fumbwe, yule dume mweusi na mweupe mwenye mdomo mwekundu na mkia mrefu mweusi, maana akicheza mbele ya majike ananing'inia hewani na mkia unapepea, ukiweza kumweka huyo mzima ndani ya fremu mkia wote ukali, Mindo hutahangaika.

Ukifika. Kutoka Quito ni kama saa mbili kwa gari, unashuka kutoka mita 2,850. Mji wa Mindo wenyewe uko chini, mita 1,250 hivi, huyu wetu anapenda juu zaidi, kwa hiyo angalau siku mbili kati ya nne zako zipeleke Tandayapa kwenye mita 1,700 na kitu au nyumba zilizo juu ya Mindo zenye chupa za sukari. Mwezi wa nane ni kiangazi cha upande ule, umepata bahati, ila msitu wa mawingu ni msitu wa mawingu, mchana ukungu unapanda na kila kitu kinaloa. Beba pakiti za kukausha unyevu kwenye begi, na asubuhi ukitoka chumbani iache lenzi ndani ya begi dakika kumi na tano kwanza ijizoeze na hewa.

Kwenye chupa utawakuta wakubwa wanagombana, yuko mmoja mwenye mkia wa rangi ya ngozi anayetua na kuinua mabawa juu kwanza kabla hajayakunja, huyo ni mbabe wa pale, anafukuza kila mtu. Wetu hapigani. Anasubiri wababe wamekimbizana, ndo anaingia, taratibu, chini chini, na utamsikia kabla hujamuona, ana mvumo kama nyuki mkubwa. Ukishazoea ule mvumo unakuwa tayari kabla hajafika, hiyo peke yake imenipa picha nyingi kuliko kifaa chochote. Mwombe mwenye nyumba (kwa heshima, na ulipe kiingilio chake bila kubembeleza, ile ndo inayofanya msitu wake usikatwe) akuruhusu uondoe chupa zote za upande mmoja ubakize moja, mbele ya tundu lake ufunge ua la palepale, na kwa bomba la sindano bila sindano uweke matone ya sukari ndani ya ua. Sukari nyeupe kipimo kimoja, maji vipimo vinne. Asali hapana, inaotesha fangasi wanaowaua, na rangi nyekundu haina kazi.

Rangi yake nayo ina masharti. Ule kijani haupo kwenye unyoya kama rangi ya kitambaa, unatokana na jinsi tabaka ndogondogo za ndani ya unyoya zinavyorudisha mwanga, kwa hiyo inategemea pembe. Akigeuka kidogo koo linawaka, akigeuka tena ni jeusi. Mwanga ukitokea karibu na ulipo wewe unawaka, ukitokea nyuma yake unazimika. Ndo sababu ya ile flashi ya kwanza kukaa karibu na kamera.

Ila usitumie flashi siku zote nne, nakuomba. Siku moja nilikuwa Tandayapa, mvua nyepesi, vifaa vyote nimevifunika nailoni, dume mmoja akatua kwenye kijiti chenye ukungu wa kuvu, mita mbili na nusu kutoka nilipo. Raketi zake zilikuwa zimeloa zimegandana kama kitu kimoja. Akajitikisa. Zikabaki zimeshikana. Akainua mguu mmoja, ile soksi nyeupe imelowa imekuwa kama uzi wa taa, akaurudisha, halafu akafungua mkia kama mtu anavyofungua mkasi na zikaachana, tone moja likabaki limening'inia kwenye raketi ya kushoto. Nilipiga 1/250, f/8, hakuna flashi, na mpaka leo hiyo ndo iko ukutani kwangu. Akiwa ametua huna haja ya kasi, una haja ya kuwa umeshakaa pale kimya. Na akiwa anaruka kwa mwanga wa kawaida, 1/1600 mabawa yakawa ukungu na jicho likawa kali, ni picha nzuri tu, inaonyesha kwamba anaruka. Jioni ukimkuta ametulia kijitini kama amezimia, amevimbisha manyoya, hashtuki, muache kabisa. Usiku wanashusha joto la mwili na mapigo ya moyo ili wasife njaa mpaka asubuhi, ukimwamsha umemtumia akiba yake.

Umeme wao ni volti 120 na plagi ya pini mbili bapa, angalia chaja zako zimeandikwa 100-240, na hela wanayotumia ni dola ya Marekani kwa hiyo nenda na noti ndogondogo.

Peru sasa. Yule unayemsema ni Loddigesia mirabilis, na ndiyo, mkiani ana manyoya manne tu wakati hamingbadi wengine wana kumi, na mawili kati ya hayo manne ni marefu yamekatizana, mwisho yana sahani mbili za zambarau-bluu kubwa kuliko kichwa chake. Alikusanywa mara ya kwanza 1835 na Andrew Matthews na kupewa jina la kisayansi 1847, na mpaka leo anaishi eneo dogo tu la kaskazini mwa Peru, bonde la Utcubamba na jirani zake. Watu wanakwenda hifadhi ya Huembo karibu na Pomacochas. Kutoka Quito ni ndege mpaka Lima, ndege tena kurudi kaskazini, halafu barabara za milimani. Kwa siku nne utazimaliza njiani na utamuona dakika tano, tena dume mwenye mkia kamili hatokei kila siku. Muweke kwa safari yake mwenyewe, mpe wiki.

Badala yake kuna wawili hutawafuata mbali. Kwenye chupa zilezile za Tandayapa anakuja Aglaiocercus coelestis, mkia mrefu wa zambarau na bluu, mkubwa kidogo na hana haraka, mpe nafasi chini ya fremu mara mbili ya unavyofikiri. Na hapo hapo Quito kwenye bustani za mji kuna Lesbia victoriae, dume mkia wake peke yake ni mrefu kuliko mwili, mweusi, umegawanyika kama mkasi. Anapenda kukaa kwenye ncha ya kichaka na kurudi hapo hapo, kwa hiyo asubuhi kabla hujaingia kazini, jua likiwa mgongoni kwako, 1/2000 na 300 zinakutosha, na kamera ya wima.